Chokaa, majivu na udongo wenye uchachu



Huku Kindu mashamba mengi yana udongo mwekundu wenye uchachu, sababu mvua nyingi imeosha chokaa yake ya asili. Ndiyo maana maharagi na karanga zinadumaa. Tukikata pori na kulichoma, mavuno ya kwanza yanakuwa mazuri, kwani majivu yana chokaa. Kiisha miaka miwili ao mitatu nguvu inapungua, tunakata pori lingine. Na pori linazidi kuwa mbali.

Kwingine watu walitafuta chokaa kwa tanuri. Pwani, toka Lamu mpaka Kilwa, walichoma matumbawe juu ya magogo, wakapata chokaa ya kujengea nyumba. Ayalandi, walimaji walijenga tanuri za mawe kando ya mashamba, wakachoma mawe ya chokaa na kutia udongoni. Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule kule waliandika habari za tanuri hizo kama wazee walivyowasimulia.

Jiwe la chokaa, matumbawe na maganda ya konokono ni kitu kimoja. Kwenye moto wa digrii 900 hivi, hewa inatoka ndani yake: kilo 100 zinabaki kilo 56 za chokaa kali. Hewa hiyo inaua. Mtu asilale karibu na tanuri kutafuta joto. Na chokaa kali ikiguswa na maji inachemka yenyewe, inaunguza ngozi na kupofusha macho.

Kwa hiyo hatushauri kila kijiji kijenge tanuri, maana nayo inakula miti. Tuanze na kilichopo:

- Majivu ya jikoni yawekwe pakavu. Mvua ikiyanyeshea, nguvu inapotea.
- Maganda ya mayai na ya konokono yatwangwe yawe unga. Yanafanya kazi polepole, lakini yanafanya.
- Eneo la mita 5 kwa 5, tieni kilo 5 za majivu, mchanganye na udongo mbele ya kupanda.
- Anzeni na maharagi na karanga. Muhogo unavumilia uchachu.
- Msichanganye majivu na samadi mbichi ao urea. Ile harufu kali inayotoka ni mbolea inayokimbia. Ngojeni wiki mbili.

Acheni mstari mmoja bila majivu. Wakati wa kuvuna, pimeni mistari yote miwili, mlete hesabu kwenye mkutano wa ushirika. Hapo tutajua shamba gani linaweza kulimwa tena bila kukata pori.