Fahamu kwa nini Luke Kuechly alistaafu akiwa na miaka 28

Katika futiboli ya Kimarekani, lainibeka husimama nyuma ya mabeki wa mstari wa mbele. Kazi yake ni kusoma mchezo kabla mpira haujatoka, kisha kumwangusha mwenye mpira, kuzuia pasi au kumvamia kwotabeki, mchezaji anayerusha pasi. Ndiye anayegonga na kugongwa karibu kila mara.

Timu ya Carolina Panthers ilimchagua lainibeka Luke Kuechly mwaka 2012, akiwa wa tisa katika uteuzi wa wachezaji wapya, kutoka chuo cha Boston College. Msimu wake wa kwanza aliongoza ligi nzima ya NFL kwa kuangusha wapinzani mara 164. Mwaka uliofuata akawa mlinzi bora wa ligi. Hakuwa na mwili wa kutisha. Silaha yake ilikuwa kusoma mchezo. Alitazama mikanda ya wapinzani hadi akaweza kuwatangazia wenzake uwanjani kinachokuja.

Lakini kichwa hichohicho ndicho kilichoumia. Alipata mtikisiko wa ubongo mwaka 2015, 2016 na 2017. Ule wa 2016, dhidi ya New Orleans Saints, ulimtoa uwanjani kwa kigari huku akilia mbele ya kamera. Tangu hapo, kila alipoanguka, mashabiki walikuwa roho mkononi.

Januari 2020 alitangaza kuacha, baada ya misimu minane, akisema bado anatamani kucheza ila haoni kuwa kuendelea ni uamuzi sahihi. Wapo waliosema amewahi mno. Kwa maoni yangu, alisoma mchezo vizuri hadi mwisho.