Kuondoa kipoza oili kwenye pikipiki ya zamani kwahitaji uangalifu

PIKIPIKI za zamani zingali tegemeo la kaya nyingi mkoani Kagera. Katika barabara itokayo Bukoba kwenda Muleba kupitia Kemondo na Muhutwe, vyombo hivyo hubeba abiria, mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa, na mapato yake ndiyo yanayolipa ada za watoto na mahitaji ya nyumbani.

Baadhi ya pikipiki hizo huwa zimefungwa kipoza oili ambacho hakikutoka nacho kiwandani. Hicho ni kifaa kinachofanana na rejeta ndogo, ambacho hufungwa mbele ya injini na kuunganishwa nayo kwa mipira miwili. Oili moto hutoka kwenye injini, hupita ndani ya kifaa hicho ikapigwa na upepo, kisha hurudi ikiwa imepoa.

Kwa injini iliyoongezewa ukubwa wa silinda, au inayofanya kazi nzito katika joto kali, kifaa hicho kina manufaa. Hata hivyo, injini ndogo zinazopozwa kwa upepo, kama zile za Honda CG125 zilizoanza kutengenezwa miaka ya 1970 na nyingine nyingi zilizoundwa kwa mfano wake, zilisanifiwa kufanya kazi bila ya kifaa hicho.

Mji wa Bukoba uko kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari, na joto lake la mchana kwa kawaida halizidi sana nyuzi 26 za Selsiasi. Katika hali ya hewa ya namna hiyo, hasa kwa safari fupi za mjini, oili inaweza kupozwa kupita kiasi.

Madhara yake ni kwamba mvuke unaoingia ndani ya injini hugeuka maji na kuchanganyika na oili. Oili isipopata joto la kutosha, maji hayo hayakauki. Dalili yake ni utando mweupe mfano wa maziwa mazito chini ya kifuniko cha kujazia oili. Oili ya namna hiyo hupoteza uwezo wa kulainisha, na vyuma husagika mapema.

Sababu ya pili ni uchakavu. Mipira ya kipoza oili hupasuka kwa umri, kwa kusuguana na fremu au kwa kupigwa na mawe. Mpira ukipasuka safarini, injini inaweza kuishiwa oili kabla dereva hajatambua. Aidha, oili ikidondokea tairi la nyuma, dereva na abiria wake wanaweza kuanguka, hususan kwenye kona na miteremko ya Kamachumu wakati wa mvua.

Kabla ya kufungua chochote, fundi hana budi kujiridhisha juu ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba kifaa hicho hakikuwekwa na mtengenezaji wa pikipiki. La pili ni kwamba injini haijabadilishwa silinda au pistoni kuwa kubwa zaidi. Ikiwa moja kati ya hayo halijathibitika, ni heri kubadili mipira na kukiacha kifaa mahali pake.

Kazi yenyewe huanza kwa kuiwasha injini dakika chache ili oili iwe nyepesi, kisha huzimwa na kuachwa ipungue joto ili isimuunguze fundi. Oili humwagwa kwenye chombo kisafi kupitia bolti ya chini. Baada ya hapo mipira hufunguliwa upande wa kipoza, na oili iliyobaki ndani yake hukingwa.

Hatua inayofuata ndiyo yenye hatari kubwa. Katika baadhi ya injini, kipoza huwa kimeungwa pembeni tu ya njia ya oili, hivyo matundu mawili yakizibwa oili huendelea na njia yake ya kawaida. Katika nyingine, oili yote inayokwenda silinda hedi hulazimika kwanza kutoka nje na kupita kwenye kipoza. Fundi akiziba matundu hayo bila kuirejesha njia ya asili, sehemu ya juu ya injini itakosa oili na kuharibika kwa muda mfupi.

Njia ya kutambua tofauti hiyo ni kuilinganisha injini na nyingine ya aina ileile isiyo na kipoza, au kutazama mchoro wa kitabu cha spea. Ikiwa kifuniko au bolti ya asili iliondolewa wakati wa kufunga kipoza, sharti irudishwe ya aina ileile.

Vizibo vinavyotumika viwe na nyuzi zinazolingana na tundu, na viwekewe washa mpya za shaba. Havipaswi kukazwa kwa nguvu nyingi, kwa sababu nyuzi za alumini hukatika kwa urahisi. Tepi ya mabomba ya maji isitumike, kwani vipande vyake huweza kuingia ndani na kuziba njia za oili.

Oili mpya ijazwe kwa kiasi kilichotajwa na mtengenezaji, ambacho kwa injini nyingi za sentimeta za ujazo 125 ni takribani lita moja. Ile nyongeza iliyokuwa ikijaza kipoza haihitajiki tena. Oili ikizidi hutoa povu na kusukuma sili hadi zivuje. Inafaa kuchagua oili yenye alama ya JASO MA, ambayo haisababishi klachi kuteleza.

Kabla ya kuiwasha, plagi hutolewa na kiki kupigwa mara kadhaa ili pampu isambaze oili. Kisha injini huwashwa taratibu huku kifuniko cha vali kikiwa kimelegezwa, kuhakikisha kwamba oili inafika juu. Isipoonekana, injini izimwe mara moja. Baada ya safari fupi ya majaribio, vizibo hukaguliwa tena pamoja na kiwango cha oili.

Baada ya hapo, kazi yote ya kupoza hubaki kwa mapezi ya silinda. Tope linaloganda katikati ya mapezi hayo kwenye barabara za vumbi za Muleba lazima lioshwe mara kwa mara, na mizigo isizidishwe milimani.

Oili chafu nayo isimwagwe mtaroni. Maji ya mitaro mingi ya Bukoba huishia Mto Kanoni na hatimaye Ziwa Victoria, ambako wakazi hupata samaki na maji. Ihifadhiwe kwenye dumu lenye kifuniko hadi itakapokabidhiwa kwa wakusanyaji wa taka hizo.