Tabo ya Hatua Moja: Hesabu za Subaru Kwenye Mwinuko wa Kitale

Ukitangaza pale Kiminini kwamba unatafuta tabo, hutakosa mtu wa kukuelekeza ushuke Webuye kisha ushike barabara ya Eldoret, maana Turbo ni mji wa Uasin Gishu na matatu za huko zipo. Mzaha huo ni wa zamani na bado unachekesha. Tabo ya makala haya ni ile ya chini ya boneti: feni mbili kwenye fimbo moja, moja ikizungushwa na moshi wa ekzosi, ya pili ikishindilia hewa ndani ya injini. Swali ni lile linalowawasha vijana wenye Forester na Impreza kuanzia Kitale hadi Bungoma: kung'oa tabo ya kiwandani na kufunga nyingine ya bodi ileile lakini yenye feni kubwa zaidi kunagharimu nini, na kunaleta nini?

Tuanze na hewa, kwa sababu huku kwetu hewa ndiyo deni la kwanza. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Mombasa hewa inakandamiza kwa kilopaskali 101. Kitale ni kama 80 na nusu. Moja ya tano imeshapotea kabla hujawasha gari. Wahandisi waliliona hilo mapema. Mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Marekani, zaidi ya mita 4,000. Injini iliyotoa nguvu farasi 350 tambarare ilitoa 230 tu kule juu. Alipoifungia tabo ikatoa 356. Kwa hiyo tabo ilianza kupata umaarufu kama dawa ya mlima, na mbio za vijana zimekuja baadaye sana.

Sasa chukua Forester XT ya SG5, gari ambalo kila fundi wa ukanda huu amewahi kulifungua. Injini ni ya sentimita za ujazo 1,994, na Japani iliitangaza kwa farasi 220 kwenye mizunguko 5,600 kwa dakika. Kwa mizunguko hiyo inameza lita 5,000 hivi za hewa kila dakika. Tuseme tabo inaongeza presha ya baa 0.8, na hewa inafika kwenye vali ikiwa na joto la nyuzi 45. Mombasa hiyo ni kilo 10 za hewa kwa dakika. Kwa kanuni ya mafundi ya takriban farasi 22 kwa kila kilo ya hewa kwa dakika, unapata 220 zako kamili. Lete gari hilohilo Kitale, geji isome baa 0.8 ileile, na hewa inashuka hadi kilo 8.8. Farasi 195. Ishirini na tano wamebaki pwani.

Mtu atasema basi ongeza presha, geji isome baa 1 na deni limelipwa. Kweli limelipwa, lakini tazama anayelilipa. Feni haijali geji inasema nini; inachojali ni hewa imezidishwa mara ngapi kutoka ilivyoingia. Mombasa ilikuwa inaizidisha mara 1.8. Kitale, kwa baa 0.8, ni mara 2. Kwa baa 1 ni mara 2.25. Hewa ikikandamizwa inachemka: Mombasa ingetoka kwenye tabo na nyuzi 108 hivi, Kitale kwa mara 2.25 inatoka na 129, hapo ni kama feni bado inafanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 70. Tabo ndogo ikisukumwa nje ya eneo lake ufanisi ukaporomoka hadi 60, ni nyuzi 147. Kipoza hewa cha juu ya injini cha Forester nacho kinakaa juu ya moto huohuo. Ndiyo maana gari linalosifiwa kwa kasi Mombasa linaweza kupanda kwetu likawa kama limefungwa kamba.

Hapa ndipo tabo ya bodi ya kiwandani yenye feni kubwa inapojitetea. Inakaa kwenye boliti zilezile, inatumia bomba lilelile la oili na la maji, haidai kuchomelea ekzosi mpya. Ndani tu ndipo pamebadilika. Feni ya milimita 46 ikawa ya 50, kwa mfano, na mdomo wa kumeza hewa umeongezeka asilimia 18. Inasukuma hewa ileile kwa kuzunguka polepole zaidi. Polepole ya tabo lakini! Mizunguko 150,000 kwa dakika ni ya kawaida kwake. Kwa feni ya milimita 50 ncha inakwenda mita 393 kwa sekunde, kasi kuliko sauti. Hasara yake unaisikia ukitoka kwenye matuta: feni kubwa inachelewa kuamka, na chini ya mizunguko 3,000 gari linaweza kuwa zito kuliko lilivyokuwa.

Lengo la busara kwa Kitale, kwa maoni yangu, ni farasi 250. Hizo zinataka baa 1.26 na kuzidisha hewa mara 2.56. Tabo ndogo ya kiwandani itafika hapo ikilia; ya hatua moja juu itafika ikipumua. Zinataka pia petroli. Kwa farasi 195 kila nozeli inahitaji uwezo wa sentimita za ujazo kama 330 kwa dakika, kwa 250 ni 425. Ukifunga tabo ukasahau nozeli na pampu, mchanganyiko unakosa petroli na pistoni zinatoboka. Ukikanyaga mafuta hadi chini, injini ya farasi 250 inakunywa lita 1.4 kwa dakika. Tuseme lita ni shilingi 185, hiyo ni 259 kila dakika.

Pesa sasa. Hizi ni namba za bajeti ya mfano, weka za kwako: tabo 130,000, nozeli na pampu 60,000, kupanga upya kompyuta ya injini 50,000, mabomba na mipira ya hewa 30,000, gaskiti, oili na mkono wa fundi 30,000. Jumla ni 300,000. Tabo yenyewe haikufika hata nusu. Gunia la mahindi likiwa 4,000, umebeba gunia 75 kwenye boneti, kwa farasi 55 zaidi ya ulizokuwa nazo, yaani karibu 5,450 kwa kila farasi. Ukiagiza mwenyewe nje, kumbuka serikali: kwa viwango vya 2025, mzigo wa shilingi 100,000 unaongezewa ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5, ya reli asilimia 2 na VAT asilimia 16. Tayari 20,500, na ushuru wa forodha wenyewe bado.

Kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, mwambie fundi afungue boliti inayoleta oili kwenye tabo. Subaru kadhaa zina kichungi kidogo cha wavu ndani ya boliti hiyo, chembamba kama kikapu cha kuchujia chai cha mwanasesere. Kikizibwa na masizi ya oili iliyokaa muda mrefu, fimbo inazunguka kavu. Kisha ashike feni kwa vidole viwili aitikise: ikicheza pembeni kidogo ni kawaida, ikigusa bodi imekwisha. Na apime kompresheni ya silinda zote nne. SG5 za mwisho zilitoka 2007, na kwa sheria ya magari yasiyozidi miaka minane haziingii tena nchini. Injini uliyonayo imezeeka, na tabo mpya haiirudishii ujana.

Kuna namba moja ambayo wauzaji hawaitaji. Gari la kilo 1,400 likienda kilomita 110 kwa saa kwenye tambarare, ambayo ndiyo kasi ya juu kisheria, linatumia farasi 20 hivi tu kupasua hewa na kuviringisha magurudumu. Zilizobaki ni za kupita lori la miwa na kupanda mlima. Na hata mbio hazikudai hewa bila kikomo: dereva Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza iliyolazimishwa kuvuta hewa yote kupitia tundu la milimita 34.

Kama tabo yako bado nzima, nunua oili nzuri, badilisha kila kilomita 5,000, na uache. Kama imekufa na ni lazima ununue nyingine, nunua ya hatua moja juu pamoja na nozeli zake na kupangwa kwa kompyuta, siku hiyohiyo. Bila pesa za hayo matatu pamoja, rudisha ya kiwandani.