Tuhesabu pumzi, si kikohozi peke yake



Kila mwaka, tukifika kwenye somo la mapafu katika darasa la tano, tunawaomba watoto walete chupa tupu ya maji na baluni mbili. Tunakata kitako cha chupa. Baluni moja tunaifunga kwenye shingo, ining'inie ndani. Nyingine tunaikata na kuitandaza chini kama ngozi ya ngoma. Ukiivuta ngozi ile kwenda chini, baluni ya ndani inajaa hewa bila mtu kuipuliza. Ukiiachilia, inasinyaa. Watoto wanapiga makofi. Somo hilo tumelifundisha miaka mingi, na tulidhani tunalijua.

Kumbe bado. Mtoto wetu wa mwisho alipokuwa na miezi 8, katikati ya mvua, alianza kukohoa. Tukamnunulia dawa ya maji kwenye duka la dawa. Jirani alisema ni kilimi, apelekwe kukatwa. Bibi yake alisema ni baridi, afunikwe. Siku ya tatu kikohozi kikapungua, nasi tukamshukuru Mungu. Kumbe ndiyo siku aliyokuwa mgonjwa zaidi: alikuwa amechoka hata nguvu za kukohoa hana. Siku hiyo mama mmoja wa likelemba yetu, ambaye alifundishwa kuhamasisha watu juu ya afya, alikuja kuchukua mchango. Akamtazama mtoto mgongoni, akasema: "Mama Mwalimu, mshushe. Mfunue kifua." Akatoa simu, akahesabu dakika nzima. Pumzi 66.

Usiku ule mtoto alilala hospitalini, akiwa na bomba la oksijeni puani. Alipona, na leo anawachosha dada zake kwa mbio. Lakini haya hatuwezi kuyaweka kwetu, kwa sababu tulichokosa hakikuwa pesa. Tulikosa kutazama.

Mapafu yanafanyaje kazi

Pafu la kulia lina sehemu tatu. La kushoto lina mbili, kwa kuwa moyo umechukua nafasi upande huo. Mapafu hayajivuti yenyewe. Chini yake kuna msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Msuli huo ukishuka na mbavu zikipanuka, hewa inaingia. Ukirudi juu, hewa inatoka. Ndiyo ile ngozi ya baluni yetu.

Hewa ikipita puani na kooni, inashuka katika bomba moja linalogawanyika kama mti uliogeuzwa: shina, matawi, vijiti vyembamba. Mwishoni, mahali pa majani, kuna vifuko vidogo mno vya hewa, mamia ya milioni. Vikikunjuliwa vyote na kutandazwa, vingefunika karibu mita 70 za mraba, kupita sakafu ya darasa letu. Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba sana, na nyuma yake damu inapita. Hapo damu inachukua oksijeni na kuacha gesi ya kaboni, ambayo tunaitoa tunaposhusha pumzi.

Njia hiyo ina wafagiaji wake. Ute unanasa vumbi na vijidudu, na vinyweleo vidogo vinausukuma juu mpaka tuuteme au tuumeze. Uchafu ukizidi, kikohozi kinakuja kama fagio kubwa. Kwa hiyo kikohozi chenyewe si adui, ni mfanyakazi. Ukimnyamazisha kwa dawa ya maji, kilichomfanya afagie bado kiko ndani.

Jinsi ya kuhesabu

Ugonjwa unaoua watoto wadogo haraka ni nimonia. Vijidudu vinaingia katika vile vifuko, navyo vinajaa maji na usaha. Vilivyobaki vizima vinalazimika kufanya kazi ya vyote, na ndiyo maana mtoto anahema mbio. Jambo hilo mama anaweza kuliona kwa macho yake, bila mashine.

Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Funua kifua na tumbo. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima kwa saa au simu. Pumzi ni za mbio zikifika hapa:

- mtoto wa chini ya miezi 2: 60 au zaidi (hesabu mara ya pili ili kuhakikisha);
- miezi 2 hadi 11: 50 au zaidi;
- mwaka 1 mpaka kabla ya kutimiza miaka 5: 40 au zaidi.

Mtoto anayekohoa na kuhema hivyo apelekwe kituo cha afya siku ileile. Tazama pia chini ya mbavu: kama sehemu hiyo inaingia ndani kila anapovuta hewa, kifua kimelemewa. Na kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea haamki vizuri, au midomo imegeuka rangi, usingoje kupambazuke. Mwamshe jirani, mwende usiku huohuo.

Muuguzi akitoa dawa, mpe mtoto zote kwa siku alizoandika, hata akianza kucheza siku ya pili. Kilimi hakileti nimonia. Kukikata kunaongeza damu na kidonda juu ya ugonjwa ambao bado upo.

Moshi wa jikoni

Sisi tunaopika sombe na maharagi tunajua saa tunazokaa mbele ya moto. Mara nyingi mtoto yuko mgongoni, na kila moshi tunaouvuta naye anauvuta, kwa mapafu madogo kuliko yetu. Moshi unawadhoofisha wale wafagiaji, na vijidudu vinapata njia. Watoto wanaokulia katika moshi wanapata nimonia zaidi. Na mama aliyepika miaka mingi katika jiko lililofungwa anaweza kuzeeka na mapafu yaliyoharibika kama ya mvuta sigara, hata kama hakuwahi kugusa sigara.

Hatutawaambia mnunue jiko la umeme, wakati umeme wenyewe tunaungoja. Lakini yako tunayoweza. Kuloweka maharagi usiku kucha ili yaive upesi. Kufunika sufuria. Kutumia kuni zilizokauka. Kupikia nje au barazani mvua ikiruhusu. Na mtoto abaki na dada yake, mbali na moto.

Mbabula ndani ya chumba

Baridi ya Bukavu inatushawishi kuingiza mbabula chumbani na kufunga mlango. Tunasema makala yakishakuwa mekundu hayana moshi tena. Kweli moshi hauonekani, lakini makala yanatoa gesi nyingine isiyo na rangi wala harufu. Damu inaishika gesi hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Ni kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba na kukataa kuinuka. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika, halafu usingizi usio na kuamka.

Ndugu zetu wa Goma wanaijua mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini karibu na volkano na kutulia mabondeni. Ile ni gesi tofauti, lakini funzo ni moja: pua haitoshi kuwa mlinzi. Mbabula ilale nje. Ukikuta watu wamelegea katika chumba chenye mbabula, fungua milango, watoe nje, wapelekwe hospitalini mara moja.

Kikohozi cha majuma mawili

Mtu akikohoa majuma 2 au zaidi, akatoka jasho usiku, akakonda au kutema damu, majirani wanaanza kunong'ona: "Ni karuho, amewekewa sumu." Anapelekwa kutapishwa hapa na pale, pesa zinaisha, na wakati huo anawakoholea watoto wa nyumba nzima. Mara nyingi ugonjwa huo ni kifua kikuu. Kijidudu chake kilitangazwa na daktari Robert Koch tarehe 24 machi 1882. Hakitoki kwa jirani mwenye wivu. Kinapita hewani, mgonjwa anapokohoa.

Apimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na kwa kawaida matibabu yanachukua miezi 6. Hatari ni mwezi wa pili: mgonjwa anaona nguvu zimerudi, anaacha, na kijidudu kilichobaki kinaweza kuzoea dawa. Sisi wamama ndio tunaoweza kumkumbusha bila kumwaibisha.

Pumu ni jambo lingine. Hapo njia za hewa zinabana, na kifua kinapiga miluzi. Haiambukizi. Mtoto mwenye pumu anahitaji dawa yake ya kuvuta karibu, na nyumba isiyo na moshi. Hahitaji kutengwa na wenzake. Shuleni tunaomba mzazi atuambie mapema, tusije tukafikiri anakwepa michezo.

Kabla ugonjwa haujafika

Tumpe mtoto ziwa peke yake miezi 6 ya kwanza. Tusikose chanjo: BCG anapozaliwa, kisha zile za majuma 6, 10 na 14, ambazo zina kinga dhidi ya baadhi ya vijidudu vya nimonia. Siku ya kupima uzito, muuguzi ataangalia kadi.

Tuna ombi moja. Juma hili, mkikutana kwa likelemba, kila mama mwenye mtoto mdogo amlaze akiwa mzima, amfunue kifua na kuhesabu dakika moja. Wenye simu wawasaidie wasio nayo. Mama asiyesoma anaweza kuhesabu kwa punje za maharagi, punje moja kwa kila pumzi, na mwenzake amwambie dakika ikiisha. Akishajua pumzi za mtoto wake akiwa mzima, siku zitakapobadilika ataona.

Sisi tulihesabiwa na mwingine, na bahati ikawa upande wetu. Msingoje bahati.