Kadi ya hariri, mafundo elfu moja: Mapenzi wakati wa vita

Hebu fikiria simu yako imetumbukia majini leo. Jumbe za mpenzi wako, selfi, sauti mlizotumiana usiku wa manane, zote zimeenda. Ungebaki na nini cha kushika mkononi?

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914-1918), wanajeshi wa Uingereza waliokuwa Ufaransa walinunua kadi za hariri zilizotariziwa na wanawake wa Ufaransa na Ubelgiji. Zilikuwa na maua, bendera na maneno mafupi kwa mama au mpenzi. Nyingine zilikuwa na kimfuko mbele, na ndani yake kikadi kidogo. Ukizigeuza leo, nyingi hazina stempu. Hariri huharibika upesi, kwa hivyo zilitiwa ndani ya bahasha pamoja na barua.

Usidhani zawadi zilitoka vitani tu. Kule Japani, hasa miaka ya 1930 na 1940, kijana akiitwa jeshini, mamake, dadake au mkewe alibeba kitambaa na kusimama barabarani au kwenye kituo cha treni. Alimwomba kila mwanamke aliyepita atie fundo moja la uzi mwekundu, hadi yatimie 1,000. Kitambaa hicho kinaitwa senninbari. Aliyezaliwa Mwaka wa Simbamarara aliruhusiwa kutia mafundo sawa na umri wake, maana huko husemwa kwamba simbamarara huenda mbali na kurudi salama.

Je, kilizuia risasi? La. Lakini aliyekifunga kiunoni alijua kuna wanawake wengi, hata wasiomjua kwa jina, waliotaka arudi nyumbani.

Sasa turudi hapa Nairobi. Ukipita Kenyatta Avenue utaona sanamu tatu za shaba. Ni kumbukumbu ya Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika vita hivyo. Hata jina la mtaa wa Kariokor lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Maelfu yao walikufa, wengi kwa magonjwa. Mnamo 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa kutoandika majina ya Waafrika wengi waliofariki. Yaani kuna familia zilizobaki bila kadi, bila kitambaa, bila hata jina kwenye jiwe.

Basi ukienda ushago, mwombe nyanya akufungulie lile sanduku lake. Ukikuta picha ya mtu usiyemjua, uliza ni nani, kisha igeuze uandike jina lake nyuma. Usingoje. Siku nyanya atakapoondoka, anayemjua mtu huyo huenda akawa ameondoka pia.

Na mpenzi wako akisafiri mbali, mwandikie kitu kwa kalamu. Hata mistari miwili inatosha.