Vyuma Mgongoni: Mfupa Ukiungana, Maumivu Huondoka?

Je, wajua kwamba upasuaji wa kuunganisha pingili za uti wa mgongo haukubuniwa kwa ajili ya mtu anayelalamika kiuno? Ulibuniwa kwa ajili ya kibiongo. Mwaka 1911, jijini New York, madaktari wawili, Russell Hibbs na Fred Albee, walichapisha kila mmoja mbinu yake ya kuzifanya pingili zishikane ziwe mfupa mmoja. Wagonjwa waliowalenga walikuwa na kifua kikuu cha mifupa. Ugonjwa huo hula sehemu ya mbele ya pingili, pingili ikabonyea, mgongo ukapinda na nundu ikatokeza nyuma. Dawa ya kuua vimelea vyake haikuwepo bado. Streptomisini iligunduliwa mwaka 1943. Hibbs alivunja miiba ya mfupa inayotokeza nyuma ya pingili akailaza iguse pingili jirani. Albee aliipasua miiba hiyo katikati, akakata kipande cha mfupa wa muundi wa mgonjwa mwenyewe na kukipachika humo. Tatizo walilokabiliana nalo lilionekana kwa macho: mgongo unaporomoka. Tiba nayo ilieleweka na yeyote: uzuiwe usiporomoke.

Baada ya hapo upasuaji huo ulianza safari ndefu. Huko Houston, Paul Harrington aliunda fito za chuma za kunyoosha migongo ya watoto waliopindishwa na polio. Paris, katika miaka ya 1960, Raymond Roy-Camille alianza kupitisha skrubu kutoka nyuma ya pingili hadi ndani ya mwili wake, mbinu inayotumika mpaka leo. Mwaka 1996 Marekani iliidhinisha vizimba vidogo vya kupachikwa kati ya pingili mbili, mahali pa diski. Kadiri vifaa vilivyozidi kuwa bora ndivyo orodha ya wanaofaa kupasuliwa ilivyorefuka. Kati ya 2004 na 2015, upasuaji wa hiari wa kuunganisha pingili za kiuno nchini Marekani ulipanda kutoka 122,679 hadi 199,140 kwa mwaka, na gharama za hospitali kwa mwaka huo wa mwisho zikapita dola bilioni 10. Hao hawakuwa wagonjwa wa kifua kikuu. Wengi walikuwa watu wa makamo na wazee ambao diski zao zimechakaa na viuno vinawauma. Ninachodai hapa ni kwamba upasuaji huu hufanya vizuri kazi uliyobuniwa, yaani kuushika mgongo usioweza kujishika, na kadiri unavyopelekwa mbali na kazi hiyo ndivyo faida yake inavyopungua. Ukifika kwa mtu ambaye shida yake ni maumivu ya kiuno peke yake, faida hiyo huwa ngumu kuiona.

Tuangalie kwanza kinachofanyika mezani. Mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa dawa hulala kifudifudi, na misuli minene ya kiunoni huvutwa kando mpaka mfupa uonekane. Kila pingili ina vishina viwili vya mfupa vinavyounganisha sehemu yake ya nyuma na mwili wake wa mbele. Katika kila kishina hupita skrubu ya titani yenye unene wa milimita 6 au 7 na urefu wa karibu sentimita 4 hadi 5. Mshipa wa fahamu unaoelekea mguuni hupita chini tu ya kishina hicho, kwa hiyo milimita chache za kukosea zinatosha kumwachia mtu mguu unaowaka moto au usio na nguvu. Skrubu za juu na za chini hufungwa kwa fito. Mara nyingi diski nayo hukwanguliwa, kizimba kikawekwa mahali pake, kisha chembe za mfupa, nyingine zikiwa zimechotwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, zikashindiliwa humo. Watu wengi wakisema fulani "amewekewa vyuma mgongoni" hudhani vyuma ndivyo tiba. Kumbe vyuma ni kama mbao za fundi zinazoishika zege mpaka ikomae: kazi ya kudumu ni ya mfupa, nao huchukua miezi 6 hadi 12 kuota na kushikana. Usiposhikana, chuma huendelea kupinda kidogo kila mtu anapoinama na kuinuka, hadi kilegee au kivunjike. Sigara huchangia sana hapo. Katika utafiti mmoja wa mwaka 1986, mfupa ulishindwa kuungana kwa asilimia 40 ya wavutaji, dhidi ya asilimia 8 ya wasiovuta.

Basi swali la kwanza, kama mfupa utaungana, lina jibu zuri siku hizi, na hiyo ni sifa halali ya mafundi wa kazi hii. Tatizo ni kwamba mgonjwa hakwenda hospitali ili mfupa uungane. Alikwenda kwa sababu hawezi kukaa saa nzima kwenye kiti, au hawezi kubeba ndoo. Maswali haya mawili, la mfupa na la nafuu, hayaendi pamoja kama tunavyotarajia. Mwaka 1997 lilichapishwa jaribio la wagonjwa ambao pingili zao zilikuwa zimeteleza na kubana mishipa. Wote waliondolewa mbano na kupandikizwa mfupa, lakini nusu waliongezewa skrubu. Waliopata skrubu waliungana kwa asilimia 82, wasiopata kwa asilimia 45. Katika kupata nafuu, hata hivyo, waliosema hali yao ni nzuri au nzuri sana walikuwa asilimia 76 kwa wenye skrubu na 85 kwa wasio nazo, tofauti ambayo kitakwimu si tofauti. Hapa ni lazima kuwa mkweli: wale wasio na skrubu walipofuatiliwa miaka mingi zaidi, ambao mfupa wao uliungana walikuwa na hali bora kuliko ambao haukuungana. Kuungana kuna thamani yake, tena hasa kwa pingili iliyoteleza. Lakini hakuwezi kuwa ndicho kipimo cha kupona.

Kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu, yasiyotokana na kuvunjika wala kuteleza, majaribio yanayotajwa zaidi ni matatu. La Sweden lilitoka 2001 likiwa na wagonjwa 294. Baada ya miaka miwili maumivu yalipungua kwa asilimia 33 kwa waliopasuliwa na kwa asilimia 7 tu kwa wasiopasuliwa. Ulikuwa ushindi mkubwa, na madaktari wa upasuaji waliufurahia. La Norway, mwaka 2003, lilikuwa dogo, watu 64, na halikuona tofauti ya maana kati ya pande mbili. La Uingereza, mwaka 2005, lilikuwa na watu 349 waliopimwa kwa mizani ya Oswestry, ambayo 0 ni mtu asiye na kilema chochote cha mgongo na 100 ni mtu asiyejiweza kabisa. Waliopasuliwa walishuka kutoka 46.5 hadi 34.0. Waliofanyiwa programu ya mazoezi walishuka kutoka 44.8 hadi 36.1. Tofauti ni pointi kama nne katika mia, na mgonjwa mmoja mmoja angepata shida kuihisi.

Kwa nini Sweden ilipata jibu lake peke yake? Jibu liko kwa wale wasiopasuliwa. Wa Sweden walirudishwa kwenye matibabu ya kawaida ya fiziotherapia, ya aina ileile ambayo tayari yalikuwa yamewashinda. Wa Norway na Uingereza walipewa kitu kingine kabisa: wiki tatu za mazoezi ya kutwa, chini ya wataalamu, wakifundishwa pia kwamba kuinama na kubeba hakutawavunja mgongo. Programu ya Uingereza ilifikia saa 75 hivi kwa kila mtu. Ukilinganisha kisu na matibabu dhaifu, kisu kinashinda. Ukikilinganisha na matibabu yenye nguvu, kinatoka sare. Watafiti walipowafuatilia baadaye washiriki wa majaribio ya Norway na Uingereza kwa wastani wa miaka 11, sare hiyo ilibaki palepale. Mwaka 2016 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, iliwaambia madaktari wasimpe mgonjwa wa maumivu ya kiuno upasuaji huu isipokuwa ndani ya jaribio la kitafiti.

Pingamizi la kwanza hulisikia kila anayezungumzia jambo hili: "Lakini namjua mtu aliyepasuliwa akapona." Sina shaka yupo. Ila tazama tena takwimu za Uingereza: pande zote mbili zilipata nafuu. Maumivu ya kiuno hupanda na kushuka, na mtu hukubali kisu siku yanapokuwa juu kabisa. Baadaye yangeshuka kiasi hata bila kisu, na sifa zingekwenda kwa chochote alichofanya katikati, kiwe skrubu, mazoezi au mafuta ya kuchua. Isitoshe, hakuna hata moja kati ya majaribio haya lililokuwa na upasuaji wa kuigiza, ambapo ngozi hukatwa na kushonwa bila kuunganisha kitu. Tiba jirani, ile ya kudunga saruji katika pingili zilizobonyea kwa udhaifu wa mifupa, ilipojaribiwa kwa njia hiyo mwaka 2009, waliodungwa na walioigiziwa walipata nafuu ileile.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Je, mgonjwa asiyekuwa na kituo cha kumpa saa 75 za mazoezi afanye nini? Na je, si kweli kwamba katika jaribio la Uingereza asilimia 28 ya waliopangiwa mazoezi waliishia kupasuliwa ndani ya miaka miwili? Yote mawili yana msingi. Hao waliohama kundi huenda walificha sehemu ya faida ya kisu. Lakini hata tukiikuza faida hiyo, ni lazima tuiweke mbele ya gharama. Katika jaribio la Sweden, madhara ya mapema yaliwapata asilimia 17 ya waliopasuliwa. Tena pingili zilizoungana hazisogei, kwa hiyo pingili ya juu au ya chini yake hubeba mzigo wa ziada. Utafiti mmoja ulikadiria kwamba asilimia 36 ya waliounganishwa kiuno huhitaji upasuaji mwingine wa pingili jirani ndani ya miaka 10. Mtu anayekosa mazoezi kwa sababu ya uhaba wa wataalamu hatasaidiwa na upasuaji unaohitaji wataalamu wengi zaidi, chumba cha upasuaji, na pengine kurudi humo tena.

Kuna pia kundi la katikati: wazee wenye njia nyembamba ya mishipa ya fahamu, miguu ikifa ganzi wakitembea mwendo mfupi. Hawa hufaidika wakiondolewa mbano. Mjadala ni kama waunganishwe pia. Mwaka 2016 jaribio la Sweden la watu 247 lilisema kuunganisha hakuongezi kitu, na mwaka 2021 jaribio la Norway la watu 267 ambao pingili zao zilikuwa zimeteleza lilikuta nafuu ya kutosha kwa asilimia 71 ya walioondolewa mbano tu na 73 ya waliounganishwa. Dogo la Marekani, la watu 66, lilitoa picha tofauti: ndani ya miaka minne, asilimia 34 ya ambao hawakuunganishwa walirudi mezani, dhidi ya 14 ya waliounganishwa. Sidhani kama neno la mwisho limesemwa hapo, ingawa mizani inaelemea upande wa kuacha skrubu kwa wagonjwa wengi.

Kinachowapotosha watu, nadhani, ni picha. MRI huonyesha diski nyeusi iliyosinyaa, na mgonjwa huambiwa pingili zimesagika. Mapitio ya tafiti 33 yaliyochapishwa 2015, yaliyohusu watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, yalikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Diski huchakaa kama nywele zinavyoota mvi. Kuiona kwenye picha hakuthibitishi kwamba ndiyo inayouma, na kuifunga kwa vyuma ni kufunga kitu ambacho huenda hakikuwa na hatia.

Hayo hayaugusi upasuaji pale unapostahili. Mtu aliyeanguka kutoka juu ya jengo au aliyegongwa barabarani, pingili ikapasuka na kuacha mgongo unacheza, anahitaji vyuma hivyo, na hospitali kama Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, ipo kwa ajili ya watu kama hao. Vivyo hivyo kwa mwenye uvimbe uliokula pingili, mtoto ambaye mgongo wake unazidi kupinda, na mgonjwa wa kifua kikuu cha mifupa ambaye nundu inakua licha ya dawa. Anayeshindwa ghafla kuzuia mkojo au kuinua nyayo asisubiri miadi, aende hospitali siku hiyohiyo. Kwa wengine wote, kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, muulize daktari wako: unaunganisha kwa sababu pingili inacheza, au kwa sababu kiuno kinauma? Akijibu la pili, akakuonyesha diski nyeusi kama ushahidi, omba programu kamili ya mazoezi kwanza na utafute maoni ya bingwa mwingine.