Masisi na Walikale: kati ya esansi ya chupa na umeme wa betri, nini kinafaa barabara zetu?

Kwenye barabara ya Sake kuelekea Masisi-centre, mwendesha pikipiki akiishiwa esansi hatafuti kituo kikubwa cha mafuta. Anasimama mbele ya meza ya mbao yenye chupa na bidoni za njano, anatiliwa lita moja au mbili, analipa, anaondoka. Ni kazi ya dakika chache tu.

Gari la umeme bado haliwezi kushindana na wepesi huo. Chukua gari dogo lenye betri ya kilowati-saa 50. Likichajiwa kwenye soketi ya nyumba inayotoa kilowati 2, litahitaji saa 25 kujaa. Chaja kubwa za barabarani huweza kulijaza sehemu kubwa kwa nusu saa hivi, lakini zinadai umeme mwingi na wa uhakika. Bwawa la Matebe, lenye megawati 13 na lililozinduliwa Desemba 2015, liko Rutshuru na umeme wake unakwenda hasa Goma. Vijiji vingi vya Masisi na Walikale vinaishi kwa pano ndogo za jua na jenereta.

Hata hivyo, maeneo haya mawili yanasaidia kutengeneza magari hayo. Koltani ya Rubaya, Masisi, inakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia, inayotumika katika vifaa vya elektroniki vya simu, kompyuta na magari. Bati la Bisie, Walikale, huunganisha nyaya na vifaa hivyo. Mgodi huo wenyewe ulianza uzalishaji mwaka 2019 kwa jenereta za mazutu.

Safari ndefu ya esansi

Wepesi wa chupa unaficha safari ndefu. Esansi inashuka kutoka meli Mombasa au Dar es Salaam, inavuka mipaka hadi Goma, kisha inapanda milima kwa lori na pikipiki. Njiani kuna vizuizi: mwaka 2017 shirika la IPIS la Ubelgiji lilihesabu 798 katika Kivu mbili. Kila kizuizi kinachotoza pesa kinaongeza bei ya lita.

Vita navyo vinafunga njia. Waasi wa M23 waliteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi-centre na Goma Januari 2025, kisha Walikale-centre Machi 2025 kabla ya kuondoka huko mwanzoni mwa Aprili. Barabara ikikatika, chupa zinapungua mezani, nauli inapanda, na mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku ndiye anayelipa zaidi.

Pikipiki kabla ya gari

Jibu la karibu liko kwenye magurudumu mawili. Mjini Kigali, kampuni ya Ampersand inatumia pikipiki za umeme tangu 2019. Dereva hangoji betri ijae: anaacha ile iliyoisha, anapewa iliyojaa, anaendelea na safari. Kwa muda, hapo hakuna tofauti kubwa na meza ya chupa. Tangu Januari 2025, Rwanda inataka pikipiki mpya za abiria Kigali ziwe za umeme.

Hesabu yake inaweza kufanyika hata kijijini. Pano ya wati 300, ikipata saa tano za jua zuri, hutoa kilowati-saa moja na nusu. Betri ya pikipiki yenye kilowati-saa 3 inahitaji pano mbili au tatu kwa siku. Gari lile la kilowati-saa 50 lingehitaji zaidi ya 33.

Ugumu upo. Kigali ina lami; huku kuna matope, milima, na pikipiki inayobeba watu watatu na gunia la maharage juu yake. Mzigo na mlima hula betri haraka. Katika msitu wa Walikale, mawingu hupunguza jua kwa siku nzima. Betri ni ghali, na bila usalama hakuna atakayeacha betri kumi ndani ya kibanda.

Kwa hiyo pa kuanzia si barabara kuu. Ni kituo cha afya chenye pano juu ya paa na mlinzi mlangoni: pikipiki moja, betri mbili, moja ikiwa imejaa saa zote. Siku barabara ya Sake inapofungwa, mgonjwa bado atapata usafiri.